Glovu Zinamlinda Nani?

Kasulu na Kibondo, mama anayekaribia kujifungua huwa na orodha yake kichwani: khanga, pamba, wembe, na pea kadhaa za glovu. Kisera, huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure. Kiuhalisia, glovu zikiisha stoo anayezinunua ni yeye. Tumelizoea jambo hili mpaka halituulizi kitu tena, ilhali ni swali la maadili kabisa: kinga ya mtu mmoja alipie nani, na hatari inayoondoka kwake iende wapi?

Hoja kwamba glovu zenyewe ni mbaya naitupa mapema. Machi 2023 Marburg iligundulika Kagera, majirani zetu wa kaskazini: wagonjwa 9, vifo 6, mmoja wao mhudumu wa afya. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo, yaani toka Kibondo unavuka Kakonko tu. Halafu tumekuwa na kambi za wakimbizi, Nyarugusu na Nduta, ambako wauguzi wamepokea watu wengi. Anayetaka nesi ashike damu kwa mikono mitupu aje azishike yeye kwanza.

Glovu ya hospitali ilianza na huruma kwa mikono ya mwanamke mmoja. Baltimore, Marekani, majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, nesi Caroline Hampton alikuwa anababuka mikono kwa dawa ya kuua vijidudu. Daktari William Halsted akaiomba kampuni ya Goodyear itengeneze glovu nyembamba za mpira. (Baadaye wakaoana, lakini hayo ni yao.) Miaka hiyohiyo ya 1890, katika Kongo ya Mfalme Leopold, dola ambalo mpaka wake ulikuwa ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, watu walikatwa mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira wa mwituni. Sisemi glovu za Hampton zilitoka huko. Nasema dunia ileile iliweza kuuhurumia mkono mmoja huku ikikata mwingine.

Mpira wa viwandani ukaja kama mkombozi. Ule wa mti una protini zinazowaletea baadhi ya watu mzio, wengine hadi kushindwa kupumua. Naitraili, zile glovu za bluu, haina protini hizo. Ila inatengenezwa kwa butadieni na akrilonitrili, kemikali za mafuta ya petroli ambazo IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, imeziweka zote mbili kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu; akrilonitrili ilipandishwa huko 2024. Usiivue glovu yako kwa woga. Anayezivuta kemikali hizo ni mtu wa kiwandani, si wewe. Na Malaysia, kinara wa uzalishaji wa glovu duniani, Marekani ilizuia mzigo wa Top Glove mwaka 2021 kwa dalili za kazi ya kulazimishwa. Zuio liliondolewa baada ya kampuni kuwarudishia wafanyakazi wahamiaji ada walizotozwa ili wapate kazi.

Malaysia ni mbali, najua. Lakini safari ya glovu inaishia huku kwetu. Naitraili haiozi upesi, kwa hiyo inachomwa, na ikichomwa kwa moto hafifu wa shimoni inaweza kutoa gesi ya sianidi. Kwenye kituo kimoja nilimkuta kijana wa kibarua akikoroga moto huo kwa fimbo, mikono mitupu, kitambaa puani. Nikamuuliza kama hapewi glovu.

"Kaka, glovu ni za manesi. Mimi nachoma zilizotumika."

Za kwake, zile nzito za kuoshwa na kuvaliwa tena, hazikuwemo kwenye daftari la stoo nililoonyeshwa.