Taa za Noeli na Amani ya Nyumba



Majilio yanapofika, watu wengi, mjini na hata vijijini kuliko na umeme, huanza kuzungusha taa ukingoni mwa paa. Taa zinazopendwa sana siku hizi ni ule utepe laini wa LED, wenye vitaa vidogo vilivyopangwa kama punje za mahindi, unaouzwa ukiwa umeviringwa, kwa kawaida mita 5 kwa mviringo mmoja. Ni kitu kizuri, na si dhambi kuifurahia sikukuu. Lakini kazi ya kuutundika huweza kuleta ugomvi kati ya mume na mke, na huweza kumwangusha mtu kutoka kwenye ngazi. Ndiyo maana tunataka kuwaeleza jinsi ya kuifanya vema, na kuifanya mkiwa wawili.

Kwanza, mpatane

Kabla ya kwenda dukani, kaeni chini mhesabu. Pimeni ukingo wa paa. Tuseme ni mita 10. Utepe wa mwanga wa kadiri hutumia kama wati 5 kwa kila mita. Basi mita 10 ni wati 50. Mkiwasha kwa muda wa saa 5 kila usiku, hiyo ni robo ya yuniti. Kwa siku 20 ni yuniti 5 tu za tokeni.

Mnaona kwamba umeme si mzigo. Mzigo ni ununuzi: utepe wenyewe, adapta, waya, vibanio na fundi. Na karo ya Januari haingoji mtu. Mke akisema, "Mwaka huu mita 5 za mlangoni zatosha," hajamdharau mumewe, ameona mbele. Taa chache zilizopatikana kwa mapatano huangaza kuliko taa nyingi zilizonunuliwa kwa siri.

Pili, safisheni mahali pa kubandika

Utepe huu una gundi mgongoni. Gundi hiyo haishiki juu ya vumbi, wala juu ya ubao wenye unyevu, wala juu ya ukuta wa mawe yenye mikwaruzo. Mabati nayo hupata joto kali la jua na kuilegeza. Mahali pazuri ni ule ubao uliopakwa rangi chini ya ukingo wa paa. Ufuteni vumbi, upanguseni kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha uacheni ukauke kabisa. Baada ya kubandika, ongezeni vibanio vidogo vya plastiki vyenye skrubu kila baada ya sentimita 30 hivi, maana gundi peke yake haivumilii mvua na jua. Msipigilie msumari wala pini kupenya utepe wenyewe.

Hapa nasema na wewe baba uliyekuwa kazini mbali tangu Pasaka. Labda simu zilikuwa chache, fedha za nyumbani zilichelewa, na maneno makali yalisemwa yakaachwa hivyo hivyo. Sasa unarudi Desemba na mfuko wa taa begani, ukitumaini kwamba mwanga utafunika yote. Ndugu yangu, huko ni kubandika juu ya vumbi. Taa zitawaka usiku mmoja au miwili, kisha zitaning'inia. Anza na kusafisha. Mwambie mama watoto, "Nisamehe," na utaje jambo lenyewe kwa jina. Nawe mama, ukiombwa msamaha, usiufungue mwaka mzima kama daftari la deni la dukani. Mnayo sakramenti ya Kitubio, na Majilio ndiyo wakati wake. Mwendeeni padre kabla ya kupanda ngazi.

Tatu, jueni utepe unapopinda

Utepe huitwa laini, lakini haupindi kila upande. Ukiukunja kwenda nyuma au mbele, kama unavyokunja mkanda wa suruali, hautadhurika, mradi usiukunje kwa pembe kali. Ukiulazimisha kupinda ubavuni ili uzunguke kona, njia za shaba zilizo ndani hupasuka. Kwa nje hutaona kitu. Utajua tu usiku, utakapowasha na nusu nzima ikabaki gizani. Kwenye kona, ukateni mahali palipochorwa alama ya mkasi tu, kisha muunganishe vipande kwa waya.

Mwenzako naye ana upande anaopinda na upande asiopinda. Pengine mkeo atavumilia umaskini miaka kumi bila kunung'unika, lakini hawezi kuvumilia kutajwa vibaya mbele ya mama mkwe. Pengine mumeo atalala njaa kwa ajili yenu, lakini akilinganishwa na jirani anavunjika ndani. Naye hatasema. Utaliona giza baadaye, wala hutajua lilitoka wapi. Mtu aliyeishi na mwenzake miaka mingi bila kujua anapopinda hajamtazama bado.

Nne, jihadharini na maji

Mwezi wa Desemba mvua ya vuli huweza kuwa bado inanyesha. Utepe wa ndani ya nyumba haufai nje. Tazameni alama kwenye boksi: IP65 huzuia maji yanayorushwa, na IP67 ni imara zaidi. Lakini mkishaukata, ngozi yake imefunguka. Zibeni ncha kwa kifuniko chake na silikoni.

Adapta hugeuza umeme wa nyumba wa volti 240 kuwa volti 12, kama utepe wenu ni wa volti hizo. Iwe na nguvu kidogo kuliko mahitaji: kwa wati 50, tafuteni ya wati 60 au zaidi. Wekeni adapta na plagi ndani, pakavu, mbali na watoto. Msiunganishe mita 10 mfululizo kutoka ncha moja, maana mwisho wake utafifia. Kila mita 5 zipate waya wake kutoka kwenye adapta. Wala msiwashe utepe kwa muda mrefu ukiwa bado umeviringwa, kwa sababu hupata joto. Kazi yoyote ya umeme wa volti 240 mwachieni fundi anayeijua.

Tano, mmoja apande, mmoja ashike

Kazi hii ifanyike mchana, ngazi ikiwa juu ya ardhi ngumu. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Usiiegemeze kwenye mfereji wa maji ya paa. Ngazi ya chuma iwe mbali na nyaya zinazotoka kwenye nguzo ya umeme. Aliyeonja pombe asipande.

Anayeshika ngazi hasifiwi. Wageni watatazama juu waseme, "Baba fulani amepamba kweli!" Hakuna atakayesema, "Mama alishika vizuri." Lakini akiiacha ngazi kwa dakika moja, sikukuu inaweza kugeuka matanga. Katika ndoa zetu kuna anayeonekana na kuna anayeshika. Baba, ukishuka, mshukuru mbele ya watoto. Na mwakani mbadilishane, kama magoti yanaruhusu.

Ziwasheni usiku wa mkesha wa Noeli, mkiwa pamoja, baada ya sala ya familia mbele ya pango. Zizimeni mnapokwenda kulala. Zishusheni baada ya sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mziviringe polepole mziweke pakavu, nazo zitawafaa mwaka ujao.

Zungumzeni ninyi wawili jioni hii:

1. Ni vumbi gani la mwaka huu hatujalipangusa?
2. Ni upande gani ambao mimi sipindi, nawe hujaujua?
3. Ni lini mara ya mwisho nilikushukuru kwa kunishikia ngazi?

Mtoto Yesu aliyezaliwa usiku azijaze nyumba zenu mwanga, nje na ndani.