Mwalimu wa Mia Tatu

Ingia katika shule yoyote ya msingi ya umma huku kwetu Nakuru, iwe Kuresoi, Solai au kule juu Mau Narok, umwombe mwalimu mkuu akutajie walimu wake. Ataanza na wale wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, mmoja baada ya mwingine, na masomo wanayofundisha. Kisha atatua kidogo, aseme: "Halafu tuna hawa wetu wengine wawili." Kaa hapo hadi jioni. Utaona kuwa hao wengine wawili ndio wenye vipindi vingi, ndio waliopewa watoto wadogo kabisa, na ndio wanaobaki uwanjani na timu ya kandanda wenzao wakishapanda boda boda kurudi Njoro. Mwisho wa mwezi ukifika, hawana pesilipu.

Niliwahi kuwa mmoja wao. Nilifanya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, mwaka wa 2004, na siku hizo ukipita mtihani ulikaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya chuo kikuu cha umma kukupokea. Baba hakupenda kuniona nikiota jua. Alizungumza na mwalimu mkuu wa shule moja iliyo mbele ya Mau Narok, pale mashamba makubwa ya shayiri yanapokoma na vishamba vya viazi, minji na pareto vinapoanza, nami nikatumwa kwa shangazi nikiwa na sweta mbili na viatu vya mpira. Baridi ya huko si ya kusimuliwa. Asubuhi chaki ilinitoka vidoleni bila mimi kujua.

Nilipewa darasa la tatu. Watoto walikuwa themanini na kitu, wengine wa miaka minane, wengine wameanza kubadilika sauti. Lilikuwa zao la Januari 2003, serikali ya Kibaki ilipoondoa karo ya shule za msingi na idadi ya wanafunzi nchini ikaruka kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Walioingia darasa la kwanza mwaka huo, wengine wakishikwa mkono na wadogo zao, ndio niliowakuta mbele yangu wakibanana watano kwenye dawati la watatu, na kitabu kimoja cha Masomo ya Msingi kikizunguka kati yao.

Siku moja niliandika hesabu ubaoni. Baba ana magunia 12 ya viazi. Akiuza kila gunia kwa shilingi 600, atapata pesa ngapi? Msichana aliyekaa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, ni gunia la kawaida ama ni mukorino?"

Darasa zima likaangua kicheko, lakini yeye hakuwa akitania. Kwa msomaji wa mbali na mashamba ya viazi, mukorino ni gunia ambalo dalali hulijaza hadi pomoni, kisha akalishonea kilemba cha neti juu, nacho akakijaza pia, mpaka likafanana na muumini wa Akorino aliyevaa kilemba chake cha Jumapili. Gunia la kawaida linapimwa, mukorino linakadiriwa kwa macho. Bei ni ile ile. Yule mtoto alikuwa ameona baba yake akiibiwa mchana kweupe kila msimu, na alitaka kujua kama mwalimu naye yumo njamani.

Tukaweka kitabu kando. Tukachukua gunia kuwa ni kilo 110, tukakadiria kilemba kina kilo ngapi, tukatafuta dalali amebeba shilingi ngapi za bure katika magunia 12. Watoto ambao juma zima walikuwa wamekwama kwenye kugawanya, siku hiyo waligawanya. Kesho yake mzee mmoja alisimamisha baiskeli mlangoni, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, nimeambiwa kuna hesabu ya waru (viazi) hapa. Nionyeshe." Nikamwonyesha. Alinakili kwenye kiganja chake kwa kalamu, akanishukuru, akaenda zake. Sijui kama dalali alitishika.

Nasimulia haya ili isidhaniwe kuwa vijana wasio na mafunzo ni bure kabisa darasani. Kijana aliyetoka Kidato cha Nne juzi bado anakumbuka kutoelewa kulivyo, na hilo ni mtaji. Lakini kulikuwa na mwenzangu katika shule ile, mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mwenye cheti cha ualimu cha P1, aliyefundisha darasa la kwanza kwa ustadi ambao sijauona tena. Alikuwa akiimba, akichora, akifunga kamba za viatu, na wakati huo huo watoto wanasoma. Yeye na mimi tulilipwa sawa: shilingi 1,500 kwa mwezi zikipatikana, na chakula cha mchana.

Kwa nini P1 kamili alipwe sawa na mvulana anayesubiri chuo? Mwaka wa 1998 serikali ilisimamisha uajiri wa walimu wapya, na kwa miaka mingi iliyofuata TSC ikawa inaajiri tu wa kujaza nafasi za waliostaafu, waliofariki au walioacha kazi. Vyuo vya walimu havikufungwa. Viliendelea kutoa mahafali kila mwaka, nao wakaendelea kupanga foleni. Ilipokuja elimu ya bure, wanafunzi wakaongezeka kwa zaidi ya milioni, na wakati huo huo shule zikakatazwa kuwatoza wazazi ile michango iliyokuwa ikiwalipa walimu wa PTA, chama cha wazazi na walimu. Kwa hiyo mwalimu mkuu wetu alikuwa na watoto wengi kuliko wakati wowote, na mkono wake umefungwa. Hizo 1,500 alizipata wapi, sikuuliza, na nadhani alishukuru kuwa sikuuliza.

Nilimuuliza mwenzangu kwa nini haendi Nakuru mjini akatafute kazi dukani. Akanijibu: "Nikiacha kufundisha, siku TSC wakiniita waniulize nilikuwa nikifanya nini, nitasema nilikuwa nikiuza sabuni?" Mimi nilikuwa nikilala kwa shangazi na barua ya chuo kikuu inakuja. Nilikuwa natoa nilichokuwa nacho, yaani muda, na mwisho wake niliujua. Yeye alikuwa na mtoto wa kulea, kodi ya chumba, na mwisho haukuonekana. Sisi wawili tuliandikwa katika safu moja ya daftari la shule. Hapo ndipo nilipoanza kushuku sifa tunazomwagia kujitolea bila kuuliza anayetoa amebaki na nini.

Wazazi wa huku hawajaanza jana kumlipa mwalimu kutoka mfukoni. Enzi za walowezi, Wakikuyu waliokuwa maskwota katika mashamba ya Njoro, Elburgon na Molo walichanga senti zao kwa shule za kujitegemea, na chuo cha walimu cha Githunguri kilichofunguliwa mwaka wa 1939 kiliendeshwa kwa michango ya aina hiyo, hadi serikali ya kikoloni ilipokifunga mwaka wa 1952 pamoja na shule nyingi za aina yake. Baada ya uhuru tukachanga kwa jina la Harambee. Tofauti ni kwamba skwota alichanga kwa sababu serikali ilikuwa ya mtu mwingine.

Sasa niwaendee wageni. Gilgil, Naivasha na Nakuru mjini hupokea vijana wengi kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kufundisha kwa majuma matatu au manne. Wapo wanaowabeza, mimi si mmoja wao. Wengi wana moyo safi, na ukuta waliochorea ramani ya Afrika unapendeza. Ila nauli ya ndege ya mmoja wao, kwenda na kurudi, inakaribia mshahara wa mwaka mzima wa mwalimu wa BOM, yaani yule anayelipwa na bodi ya shule. Na shule nyingine humpisha kijana huyo: mwalimu wa BOM hutolewa darasani ili mgeni apate watoto wa kufundisha. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, sisi siku ya tatu tunampa darasa. Akiondoka, mwalimu anarudi kuanzia alipoachia, na watoto wanauliza yule mwingine atakuja lini.

Aliyenifurahisha ni bibi mmoja mstaafu kutoka Uingereza, aliyefundisha hisabati kwao maisha yake yote. Alipofika alikataa kushika chaki. Alikaa nyuma na watoto watatu waliokuwa wameachwa nyuma, mwalimu wao akiendelea mbele kama kawaida, na jioni wawili hao walikuwa wakikunywa chai na kubishana kuhusu kugawanya sehemu. Alipoondoka hakuna kipindi kilichobaki wazi. Ningekuwa na mamlaka, hiyo ndiyo ingekuwa sheria kwa kila anayejitolea, Mzungu au Mwafrika: awe wa pili darasani. Peace Corps ya Marekani ilikuwa na njia nyingine. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi iliposimamisha shughuli zake Kenya mwaka wa 2014, iliwataka watu wake wakae miaka miwili, na wengi wao walijifunza Kiswahili hadi wakaweza kugombana sokoni. Miaka miwili ni muda wa kujua mukorino ni nini.

Ndugu Peter Tabichi naye lazima tumguse. Machi 2019, mwalimu huyu wa Sekondari ya Kutwa ya Keriko, katika kijiji cha Pwani huko Njoro (Pwani isiyo na bahari, tafadhali), alitunukiwa Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, pamoja na dola milioni moja. Tulisherehekea, na tulikuwa na haki. Kisha redioni na makanisani ukazuka wimbo mmoja: anatoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wasiojiweza, basi walimu wote wawe kama yeye.

Hapo mimi nachomoka. Tabichi ni bruda wa Kifransisko. Ameapa kuishi bila mali, na ana jumuiya ya kuishi nayo. Nadhiri yake ni njema, lakini si sera ya kumpa mama wa watoto wawili anayepanga chumba Elburgon. Tena wimbo ule husahau kwamba alikuwa na mshahara wa kugawa. Ili utoe asilimia 80 ni lazima kwanza pawepo asilimia mia. Kwangu mimi, jambo kubwa zaidi lilikuwa lile lisilopigiwa makofi sana: yeye na wenzake wanne walikuwa wakienda nyumbani kwa wanafunzi waliolemewa, wikendi, kuwafundisha mmoja mmoja. Hiyo ni kazi ya mtu asiyekesha akiwaza kodi.

Serikali nayo ilipata njia yake ya kuomba bila kusema inaomba. Mwaka wa 2019 TSC ilitangaza mpango wa walimu wanagenzi, posho tu kwa mwezi, kwa mtu aliyesoma, akasajiliwa na kupewa nambari. Aprili 2024 mahakama ya masuala ya kazi ikasema TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Wale wa sekondari msingi waligoma, na Januari 2025 maelfu yao wakapata ajira ya kudumu. Wa BOM hawakugoma. Wangegoma dhidi ya nani, jirani zao?

Hivi karibuni nilihudhuria mkutano wa wazazi katika shule moja karibu na Mau Narok, nikimwakilisha binamu yangu aliyekuwa shambani. Ajenda ilikuwa moja: mwalimu wa gredi ya pili, msichana mwenye diploma, hajalipwa muhula mzima, na bodi inaomba kila mzazi atoe shilingi 300. Mabishano yakachukua saa mbili. Mzee mmoja akasema elimu ni bure, rais alisema. Mama mmoja akajibu kuwa rais hajui mtoto wake alikuwa hawezi kusoma jina lake mwezi wa pili, na sasa anamsomea Biblia. Mwingine akauliza kama anaweza kuleta debe la viazi badala ya pesa. Mwenyekiti akasema viazi vitapokelewa, lakini debe liwe debe.

Kisha yule mzee akasimama tena, akamgeukia mwalimu mwenyewe, aliyekuwa amekaa pembeni na daftari lake. "Mwalimu, tukikulipa, na TSC wakuite kesho, utatuacha?"

"Nikiitwa, Mzee, nitaenda siku hiyo hiyo."

Wazazi walicheka sana, mzee mwenyewe akiwemo. Wakapitisha mia tatu.