Rukhsa ya Kuua Nyoka na Mipaka Yake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ndugu zetu walioko bara, Kitale na Bungoma, wametuletea suala ambalo tumeona jawabu yake itawafaa na watu wa pwani. Wasema kuwa wako watu huko wanaowinda nyoka bila ya kanuni yo yote. Wengine huwafukua mashimoni na kuwaua wote, wenye sumu na wasio na sumu. Wengine huwakamata wazima wapate kuwauza. Na wengine hutaka ngozi na mafuta yao kwa ajili ya waganga. Wakikatazwa hujibu kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha nyoka auawe, basi hapana dhambi. Je, hoja hii yasimama?

Kwanza, hatuikanushi hadithi. Katika Sahihi ya Imam Muslim nyoka ametajwa pamoja na viumbe ambavyo vyaruhusiwa kuuawa hata katika Haram. Aliyemkuta bafe kizingitini pake, au fira karibu na kitanda cha mwanawe, akamwua, hana lawama. Wala jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 lilitia sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa, lakadiria kuwa watu baina ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuumwa na nyoka, na wengi wao ni wakulima na watoto wa mashamba. Basi anayehubiri huruma kwa nyoka, akamsahau mama wa Bungoma anayepalilia mahindi kwa miguu mitupu, huyo amesahau nusu ya dini.

Lakini kila rukhsa ina sababu yake, na sababu ya rukhsa hii ni kuondoa madhara. Mtume aliyeruhusu kuua nyoka ndiye aliyekataza kuwavamia nyoka wa majumbani mpaka waonywe siku tatu. Na Ibn Masud (r.a.) amesimulia kuwa walipokuwa pamoja na Mtume pangoni huko Mina, nyoka alitokea, naye akawaamuru wamwue. Nyoka akawapita, akaingia shimoni. Mtume akawaambia, kwa maana yake, kuwa nyoka yule ameepushwa na shari yao kama wao walivyoepushwa na shari yake. Hebu tuyapime maneno haya. Madhara yamekwisha kwa pande zote mbili, na kupona kwa nyoka hakukuhesabiwa kuwa ni msiba.

Na katika Bukhari imo khabari ya Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamuru kijiji kizima cha chungu kichomwe moto. Mola wake akamlaumu kwa kuwa aliyemwuma ni mmoja, naye ameteketeza umma unaomsabihi Mwenyezi Mungu. Ikiwa Nabii ameulizwa kwa ajili ya chungu, sisi tutasema nini tutakapoulizwa kwa ajili ya nyoka mia waliofukuliwa porini, ambao hawakumwuma mtu? Na katika Suratin Nur twakumbushwa kuwa anayekwenda kwa tumbo lake ni kiumbe aliyeumbwa na Yule Yule aliyemwumba anayekwenda kwa miguu miwili.

Watu wa Bungoma wenyewe wana masimulizi yanayofaa hapa. Wabukusu hueleza kuwa zamani lilikuwako joka lililokuwa likila watu na mifugo, mpaka shujaa wao Mango akalivizia pangoni na kulikata kichwa, na kwa ushujaa huo akatahiriwa. Tuangalie: Mango alimwua joka mmoja aliyeonea watu, kisha akarejea nyumbani. Hakufanya kuua nyoka kuwa ni mchezo wala duka.

Kwa upande wa pili wako waliomtukuza nyoka kupita kiasi. Huko Nyanza, kando ya Ziwa Victoria, chatu aliyeitwa Omieri alionekana na wengi kuwa ni ishara ya mvua na mavuno. Alipoungua kwa moto wa nyika mwaka 1987, akachukuliwa kutibiwa akafa, watu wengi walihuzunika. Kumwonea huruma mnyama aliyeungua ni jambo jema. Ama kuitakidi kuwa mvua imo mikononi mwa chatu, hiyo ni itikadi ambayo Mwislamu hana fungu ndani yake. Njia yetu ni ya katikati: hatumwabudu nyoka, wala hatumdhulumu.

Tena ziko khasara za dunia. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya, na mengi ya mahindi hayo hufika mpaka vyunguni mwetu hapa pwani. Adui wa ghala ni panya, na katika wanaomla panya ni nyoka, tena wengine hawana sumu ya kumdhuru mtu kabisa. Mwenye kuwamaliza nyoka shambani amewafungulia panya mlango.

Tena uwindaji huu hauwapunguzi wale tunaowakhofu. Bafe huzaa watoto wengi. Mmoja aliyetoka Kenya, katika bustani ya wanyama huko Cheki, alizaa watoto 156 kwa mara moja. Lakini yuko nyoka mdogo mwenye pembe juu ya macho, ambaye hapatikani po pote duniani ila katika nyanda za juu za Bonde la Ufa nchini Kenya, naye watoto wake hawazidi sana kumi. Huyo ndiye wanaomtaka matajiri wa Ulaya na Marekani kumfuga kwa fakhari. Biashara hiyo ilitia khofu hata Kenya yenyewe ikaomba, na mwaka 2016 katika mkutano wa Johannesburg mataifa yakakubali, kuwa nyoka huyo na mwenziwe wa Mlima Kenya wasiuzwe nje ila kwa kibali. Basi uwindaji wa kiholela humwacha wa khatari akaongezeka, ukamfuta yule adimu.

Ama kuuza, Imam Nawawi katika Minhaj ameweka wazi kuwa si sahihi kuuza viumbe vitambaavyo visivyokuwa na manufaa, na sisi ni watu wa madhehebu ya Shafi. Manufaa ya kweli yapo, kwani dawa ya kuzuia sumu ya nyoka hutengenezwa kwa sumu yenyewe. Lakini kazi hiyo ni ya wenye ujuzi na idhini, si ya kijana mwenye gunia. Na mafuta ya nyoka na mawe meusi ya waganga hayatoi sumu mwilini. Humchelewesha mgonjwa tu asifike hospitali.

Kijana huyo hatumtupii lawama zote. Pengine amesukumwa na njaa, hupewa shilingi chache, na faida yote huliwa na mnunuzi aliye mbali, ambaye hataumwa na nyoka wala hataingia jela. Sharia ya wanyama pori ya Kenya ya mwaka 2013 imekataza kukamata na kuuza mnyama wa porini bila ya kibali, na atakayeshikwa ni yeye. Wenye mali katika miji yetu na wampe kazi ya halali kabla ya kumpa mawaidha.

Basi jawabu yetu ni hii. Anayekudhuru, mwondoe, ukiweza kumwondoa bila ya kumwua, ni bora. Fyeka majani karibu na nyumba, ziba mashimo ya ghala, vaa viatu, chukua taa usiku, na aliyeumwa mkimbize hospitali. Ama kwenda kumtafuta nyoka alipo, kwa mchezo, kwa uganga au kwa kumwuza, hilo halimo katika rukhsa ya Mtume, na asiyetiwe jina lake.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika haki na atuepushe na dhulma, iwe kwa mtu au kwa mnyama. Wallahu aalam.