Msamaha wa Mpakani

Kwa miaka mingi, mfanyabiashara aliyetaka kuvusha sukari, sabuni au mafuta ya kupikia kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda bila kusumbuliwa sana alijua pa kwenda: kwa wenye baiskeli za magurudumu matatu. Baiskeli hizo huendeshwa kwa mikono. Kanyagio zimepandishwa hadi usawa wa kifua, na nyuma ya kiti pamechomelewa kichanja cha vyuma kinachobeba mzigo ambao mpagazi wa miguu miwili hawezi kuunyanyua. Penye mwinuko, kijana husukuma kwa nyuma. Wengi wa waendeshaji waliugua polio utotoni, kabla chanjo haijafika kila kijiji.

Maafisa wa forodha waliwaachia wapite. Magendo yalikuwa yamezoeleka katika mpaka huo tangu enzi za Idi Amin, bidhaa za kawaida zilipoadimika Uganda na kahawa yake ikawa inavushwa usiku kuja Kenya. Bodaboda nazo zilizaliwa hapahapa, kwa kubeba abiria kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine. Ndani ya mazoea hayo waendeshaji wa baiskeli za mikono walipata nafasi yao. Mwaka 2007 watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda walichapisha maelezo juu yao, na kilichojitokeza wazi ni kwamba hapo Busia baiskeli hiyo ilikuwa zaidi ya chombo cha kutembelea. Ilikuwa mtaji. Mtu ambaye kwingineko angewekwa barazani alishwe, hapa alitafutwa asubuhi na mapema na watu wenye haraka.

Afisa aliyefungua njia alifanya hivyo kwa huruma, pengine na chochote mfukoni. Lakini waliopokea huruma hiyo hawakuila kama sadaka. Waliigeuza kazi, wakasomesha watoto. Basi je, walitendewa haki, au walifadhiliwa tu?

Sheria yenyewe ina kichekesho chake. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, inasamehe ushuru wa vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Kwa hiyo baiskeli ya magurudumu matatu inasamehewa. Mchele uliopakiwa juu yake hausamehewi. Mtunga sheria alimwona mtu anayehitaji kusogea. Hakumwona mtu mwenye mzigo wa kupeleka mahali.

Kasoro hiyo haikuanzia forodhani. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 21, kuhani wa ukoo wa Haruni mwenye kilema anaruhusiwa kula chakula kitakatifu, lakini haruhusiwi kuikaribia madhabahu. Wafafanuzi wameeleza mengi kuhusu sheria hiyo na zama zake, na haina haja ya kuhukumiwa kwa vipimo vya leo. Hata hivyo umbo lake linafahamika mno: kushiba kwa mwenye kilema kumehakikishwa, ila hana zamu ya kuhudumu. Misikiti na makanisa mengi ya Afrika Mashariki bado yanaishi hivyo bila kuusoma mstari wowote. Mwenye ulemavu anapewa unga wakati wa sikukuu, anaombewa, anatajwa kwenye matangazo. Orodha ya wasomaji, wahasibu na wanakwaya inapopangwa, jina lake halimo, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Upande wa Uislamu kuna kisa kinachouma kwa namna nyingine. Sura ya 80 ya Qurani inaanza kwa tukio la kipofu, ambaye wafasiri humtaja kuwa Abdullah bin Ummi Maktum, aliyemjia Mtume wakati akizungumza na wakubwa wa Makka, na Mtume akakunja uso. Lawama iliyoshuka haikumwelekea kipofu. Lakini sehemu isiyozungumzwa sana ni ile iliyofuata Madina: mtu huyohuyo akawa mwadhini pamoja na Bilal, na Mtume alipotoka safari alimwachia kuswalisha watu. Hadithi inasimulia pia kipofu aliyeomba ruhusa ya kuswali nyumbani kwa kuwa hakuwa na wa kumwongoza. Alipewa ruhusa, kisha akaitwa tena na kuulizwa kama husikia adhana. Alipokubali kwamba huisikia, akaambiwa aitikie.

Kwa sikio la leo jibu hilo ni gumu. Wanazuoni wamelifafanua kwa njia mbalimbali, na Qurani yenyewe katika sura ya 24 na ya 48 inawaondolea lawama kipofu, kiwete na mgonjwa. Lakini ndani ya ugumu huo kuna heshima ambayo msamaha hauna. Anayeambiwa aje amehesabiwa miongoni mwa wanaotarajiwa, na mtu akitarajiwa, basi njia ya kumfikisha inakuwa deni la wote wanaomsubiri. Anayesamehewa kila kitu hana wa kumdai, na hana wa kumtengenezea njia.

Hapo ndipo mpaka wa Busia ulipowazidi walimu wengi wa dini. Soko liliwatarajia watu hawa.

Tarehe 24 Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia. Msafiri hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia, mbele ya maafisa wa nchi zote mbili walio chini ya paa moja. Foleni zilipungua na mizigo ikapita haraka. Nani alalamike? Ila utaratibu unaomtazama kila mtu kwa jicho moja hauna nafasi ya afisa anayegeuza uso pembeni. Mwaka 2020, wakati wa korona, mpaka ulipofungwa kwa watu na kuachwa wazi kwa shehena, hata njia ya kawaida ya mfanyabiashara mdogo ilikatika. Lori lilikuwa shehena. Baiskeli ya mikono haikuhesabiwa.

Mwenye duka aliyelipa ushuru wake wote ana hoja, na isipuuzwe: kwa nini ashindane na sukari iliyopita bure? Serikali nayo inajenga hospitali kwa ushuru huohuo. Kinachomkwaza mtu ni kwamba msamaha wa zamani ulipoondoka haukuacha kitu mahali pake. Utaratibu wa biashara rahisishi wa Jumuiya unaruhusu bidhaa za nchi wanachama zisizozidi thamani ya dola 2,000 kuvuka bila ushuru, kwa cheti cha asili kilichorahisishwa, na fomu yake ni fupi. Mwendeshaji anayefanya kazi kwa tripu si mwenye bidhaa, hivyo fomu hiyo humsaidia aliyemtuma kuliko yeye. Kinshasa na Brazzaville zilionja msamaha kama huo, na kuondoka kwake. Huko watu wenye ulemavu walivuka mto Kongo kwa nauli pungufu na ukaguzi mwepesi, wakawa wachuuzi na madalali wa bandari, hadi mwaka 2014 Brazzaville ilipowafukuza Wakongo wa upande wa Kinshasa kwa maelfu na biashara ikayumba. Huruma ya serikali haina mkataba.

Ukipanda kaskazini kutoka Busia hadi Malaba na Kocholia, mambo ni mengine: malori. Foleni inaposimama, huziba hadi kingo za barabara, na mwenye kiti cha magurudumu hana pa kupita ila katikati ya matairi. Mkaazi wa huko anayetaka kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lazima kwanza apimwe na madaktari wa hospitali ya umma, ambao wataandika asichoweza. Hakuna mstari wa kuandika anachoweza kubeba.

Jioni, vipaza sauti vya mikutano ya injili huahidi kwamba viwete watatembea. Haifai kuidharau imani hiyo. Watu wameishikilia katika shida kubwa. Ila inamweka mwenye ulemavu katika kusubiri kusikoisha, na asipopona, lawama humrudia yeye kwa imani haba, wakati Yesu katika Yohana sura ya 9 alikataa swali la nani alitenda dhambi. Mmarekani Nancy Eiesland, mwanatheolojia aliyekuwa na ulemavu mwenyewe, aliandika mwaka 1994 kwamba Kristo mfufuka alitokea na majeraha yake. Mkenya Samuel Kabue, asiyeona, aliongoza kwa miaka mingi mtandao wa watetezi wa watu wenye ulemavu ndani ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ulioanzishwa mwaka 1998. Madai yao hayakuwa ya kuongezewa maombi. Walidai nafasi kazini, mezani na mimbarini.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inadai kufikika kwa maeneo yote na vyombo vya usafiri, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa saini Mei 2025. Makanisa ya Teso na Samia, jirani na mpaka huo, yameanza kuweka mteremko wa saruji mlangoni. Madhabahuni bado kuna ngazi. Kipimo kinachokubalika ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja zinataka mteremko wa mita 5.4, na katika kanisa dogo la kijijini hizo ni safu kadhaa za mabenchi. Fundi atasema nafasi haitoshi, na atakuwa anasema kweli. Njia nyingine ni kuishusha meza ya kusomea hadi sakafuni. Haihitaji saruji hata ndoo moja, inahitaji tu kikao kirefu na wazee wa kanisa walioizoea mahali ilipo.