Minofu Ulaya, Mapanki Mwaloni

Kila nchi inayoharakisha kuuza nje mali yake ya asili ingetulia kwanza na kutazama yaliyolipata Ziwa Victoria.

Miaka ya 1950, chini ya ukoloni wa Mwingereza, sangara alipandikizwa ziwani humo. Ni samaki anayeweza kupita kilo 100, na chakula chake ni samaki wenzake. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amefurika, na furu, samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, wengi wakatoweka.

Viwanda vikajengwa Mwanza, Kisumu na Jinja, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya. Fedha za kigeni ziliingia na vijana wakapata ajira, hilo halikataliwi. Lakini mama aliyezoea kununua furu, kuwaanika na kuwapeleka sokoni, angeshindanaje bei ya sangara na gari la kiwanda lililosheheni barafu? Wengi waliangukia kwenye mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyokwisha kutolewa minofu, wakayakaanga na kuwauzia wasiomudu samaki mzima. Hata miti haikusalimika. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama furu. Mara nyingi hubanikwa, na kubanika kunataka kuni.

Mvuvi naye mara nyingi hana chake: mtumbwi, injini na nyavu ni mali ya tajiri, na deni halingoji msimu. Samaki walipopungua, kokoro, wavu wa kukokota, likaburuzwa hadi kwenye mazalia, likazoa wakubwa na wachanga pamoja. Wapo waliomwaga sumu majini. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu hiyo. Mlaji wa huko alikuwa na samaki wengine wa kuchagua. Mwaloni, wanakoshushia samaki, hapakuwa na cha kuchagua.

Tanzania, Kenya na Uganda zimekamata na kuchoma nyavu haramu mara nyingi tangu hapo. Sheria inahitajika, lakini moto huo hauunguzi deni, na mwenye deni na watoto wenye njaa atarudi na kokoro usiku.

Ninyi mnaosaini mikataba ya samaki, mbao na madini, andikeni humo kiasi kitakachobaki sokoni kwetu kwa bei tunayoimudu. Na mvuvi apatiwe mkopo wa kununua nyavu halali, zikiwa zake mwenyewe.