Kupima Sumu, Je, ni Kuibariki?

Huko Uingereza mwaka 2016, katika tamasha la muziki liitwalo Secret Garden Party, watu wa chama cha The Loop walipima dawa za kulevya walizoletewa na vijana, wakawaeleza yaliyomo na hatari zake. New Zealand nayo iliithibitisha kazi ya namna hii kwa sheria mwaka 2021.

Wako wanenao, "Kupima ni kuruhusu." Nasi tuliwaza hivyo, maana twajua jinsi ulevi uharibuvyo nyumba. Hata mithali yasema, Mtoto akililia wembe, mpe. Lakini mithali hiyo humtazamia mtoto atakayejikata kidole, akapona, akajifunza. Aliyekufa hajifunzi neno.

Tena wapimaji hawamwambii mtu, "Hii ni salama." Humwambia, "Hii siyo uliyouziwa," au, "Hii ina nguvu mno." Ndipo wengine huitoa iharibiwe.

Basi twaona hivi: kumwonya mtu aliye ukingoni mwa shimo si kulisifu shimo. Yatupasa kuzikataa dawa hizo bila kumkataa kijana. Atakaye kumwongoa kesho, na amlinde leo awe hai.