Mtoto Aliyejificha Ndani ya Sauti za Wenziwe

Ukitaka kumjua mtoto mwenye kigugumizi darasani, usiwasikilize watoto wakiitikia kwa pamoja. Katika shule yetu huku Rubafu, ambako wengine hutoka migombani wakiwa na umande magotini na wengine hutoka mwaloni wakinuka dagaa, darasa la watoto sabini na zaidi husoma ubaoni kwa sauti moja, na humo mwenye kigugumizi husoma fasaha kama wenziwe, maana ulimi wake, ukiisha kuegemea ndimi za wengine, hufunguka wenyewe. Basi mwalimu humhesabu miongoni mwa wasio na tatizo hadi siku atakapomsimamisha peke yake.

Mimi nilikaa na mtoto wa namna hiyo miezi sita bila ya kumtambua, ilhali nilikuwa nimesomea elimu maalumu Patandi, kwa hiyo sina udhuru. Nikiita mahudhurio, yeye hunyosha mkono tu. Nikadhani ni kiburi, nami, Mola anisamehe, nikamlazimisha mbele ya kadamnasi aseme "nipo". Akaing'ang'ania ile sauti ya kwanza, macho akayafumba, mishipa ya shingo ikamsimama, na darasa zima likaangua kicheko. Alasiri ile bibi yake alikuja, akaniamkia kwa staha, akasema, "Waitu mwalimu, babu yake naye alikuwa hivi hivi, lakini akiimba hakwami." Kwa maneno hayo machache alinikumbusha somo zima nililolipasi kwa karatasi tu: kwamba ila hii aghalabu hufuata ukoo, kwamba huwaandama wavulana kuliko wasichana, na kwamba wimbo huipita kama maji yapitavyo jiwe.

Hata hivyo, si kila ulimi usemao tofauti ni ulimi mgonjwa. Mtoto wa Kihaya akisema "selasini" na "zahabu", anatamka kwa sauti alizonyonyeshwa nazo. Na ama kuhusu "r" na "l", hata majina yetu mmoja huandika Rwegasira na mwingine Lwegasira, na hakuna anayemshitaki mwenziwe. Watu wa pwani nao husema "paa" wa mwituni kwa pumzi na "paa" la nyumba bila ya pumzi, nasi wa bara hatuisikii tofauti hiyo, wala hatujapelekwa kwa tabibu.

Katika nchi kama Uingereza kuna matabibu wa usemi ambao kazi yao ni kuzungukia shule. Na hapa jirani, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafunza wataalamu hao mwaka 2008. Lakini hadi tabibu wa namna hiyo afike kijijini, taklifu ni ya mwalimu, na vifaa vyake ni vile anavyoviokota njiani. Kwa msichana mmoja ambaye "p" na "b" zilikuwa kitu kimoja kinywani mwake, nilichana utepe mwembamba wa ganda kavu la mgomba, nikauning'iniza mbele ya midomo yake: akisema "pa" utepe huruka, akisema "ba" hutikisika kidogo tu. Alicheza na utepe ule wiki mbili, akaupeleka na nyumbani, mama yake akauchomea moto wa jikoni, akachana mwingine.

Ama yule mvulana, nilimweka na rafiki yake chini ya mbuni nyuma ya darasa, wakasoma kitabu kimoja kwa sauti mbili. Na baada ya siku nyingi nikamnong'oneza rafiki apunguze sauti kidogo kidogo hadi anyamaze, naye mwenziwe akaendelea mistari mitatu kabla ya kugundua kwamba yu peke yake.

Mwezi uliopita alinyosha mkono, si wa mahudhurio, bali wa kuomba kusoma. Alisoma vizuri hadi alipolifikia neno "mtumbwi", akakwama kwenye "m". Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nilikuwa nimewaonya wenziwe wasimtamkie neno, na kweli hapana aliyelitamka. Ni mimi niliyekwisha kufungua kinywa nimsaidie, nikajiuma ulimi, tukangoja.